Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda: elektro kwanza, dawa ya tumbo baadaye

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa kupanda. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufuoni kwenda Kadutu, Nyamugo au Cimpunda njia ya tambarare haipo. Ndiyo maana ugonjwa wa mishipa ya moyo hapa hujionyesha mapema kwa anayejua kuusikiliza. Mtu anapanda na mzigo wake, kifua kinabana, anasimama na kuegemea ukuta. Dakika tatu au tano zinapita, kifua kinaachia, anaendelea na safari. Kesho yake, kwenye kipande kile kile cha njia, kinabana tena. Anasema ni umri, au ni gesi, au ni gastriti, anapita famasini kununua omeprazoli, dawa ya tumbo.

Mwaka 1768 daktari William Heberden aliwasomea wenzake wa London maelezo ya ugonjwa huu. Aliona kwamba unawashika watu wakiwa wanatembea, zaidi sana wakipanda kilima na wakiwa wametoka kula, na kwamba mara wanaposimama unatoweka. Hakuwa na mashine yoyote. Mpaka leo swali la kumuuliza mgonjwa wa kifua kabla ya swali lingine lolote ni hilo: inakuja ukifanya nini, na inaondoka ukifanya nini? Maumivu yanayokuja kwa kupanda na kuondoka kwa kusimama ni ya moyo mpaka vipimo, kwanza elektro (kipimo cha umeme wa moyo), vikatae. Gastriti haijui kama unapanda au unashuka.

Tuingie ndani kidogo, maana ukielewa jinsi moyo unavyokula utaelewa mengine yote. Moyo ni msuli wa ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, na unapiga karibu mara 100,000 kwa siku. Damu inayojaa vyumbani mwake haitoshi kuulisha ukuta wake mnene. Ukuta huo unalishwa na mishipa miwili inayotoka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na huu wa kushoto unagawanyika haraka kuwa matawi mawili makubwa. Upande wa kushoto, ndio wenye ukuta mnene, damu hupita hasa moyo unapolegea, si unapokaza. Kwa hiyo mapigo yakienda mbio, muda wa kula unapungua wakati njaa inazidi. Tena, misuli mingine ya mwili ikiwa kazini huweza kunyonya oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ile ile. Msuli wa moyo hata ukipumzika umeshachukua karibu robo tatu ya oksijeni inayopita. Hauna akiba. Ukihitaji zaidi, lazima damu yenyewe iongezeke.

Mafuta yakijijenga ndani ya ukuta wa mshipa kwa miaka, njia inakuwa nyembamba. Upana ukipungua kwa asilimia 70 hivi, mgonjwa aliyekaa hajisikii chochote, lakini akipanda, damu haitoshi na msuli unalalamika. Hiyo ndiyo anjina ya kifua. Inauma, inaogopesha, lakini msuli bado haujafa.

Mshtuko wa moyo, ambao huku wengi wanauita krizi ya moyo, ni jambo jingine. Lile tuta la mafuta lina ngozi juu yake, na ngozi hiyo ikiwa nyembamba hupasuka kama jipu. Damu ikigusa kilichomo ndani inaganda palepale, na kwa dakika chache mshipa unaweza kuziba kabisa. Mara nyingi tuta linalopasuka ni dogo, ambalo lilikuwa halijapunguza hata nusu ya njia. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kubanwa kifua maisha yake yote anaweza kuanguka asubuhi moja, na ndugu zake wakaapa kwamba jana alikuwa mzima. Alikuwa mzima kweli, kwa macho.

Baada ya mshipa kuziba, msuli unaanza kufa ndani ya dakika 20 hadi 30. Kifo kinaanzia upande wa ndani wa ukuta na kwenda nje, na baada ya saa 6 sehemu kubwa ya eneo lililokosa damu imekwisha. Baada ya saa 12, kuyeyusha ile damu iliyoganda kunaokoa kidogo sana. Kila ninachoandika hapa chini kinategemea hesabu hiyo.

Sasa, maumivu yenyewe yanasemaje? Neno wanalotumia wagonjwa wengi si kuchoma. Wanasema kubanwa, kukandamizwa, kulemewa, pumzi kukosa nafasi. Ukiwaomba waonyeshe mahali, wanaweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua. Anayeonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, "ni hapa tu", mara chache huwa ni moyo. Maumivu yanaweza kwenda kwenye mkono wa kushoto, lakini pia kwenye mikono yote miwili, shingoni, kwenye taya mpaka mtu akadhani ni jino, katikati ya mabega, au chini ya mfupa wa kifua pale penye chembe cha moyo. Yakiambatana na jasho baridi, kichefuchefu, uso kupauka na hisia ya kwamba kifo kimekaribia, usibishane. Anjina ya kawaida hudumu dakika chache. Maumivu ya namna hiyo yakipita dakika 15 hadi 20 ukiwa umepumzika, hesabu kwamba mshipa umeziba.

Maumivu yanayodumu sekunde mbili, au yanayotokea ukibonyeza ubavu kwa kidole, au yanayokuja tu ukivuta pumzi, yanaelekea kwingine. Nasema yanaelekea, sisemi yanahakikisha. Wapo wenye ugonjwa wa moyo ambao ubavu pia unawauma.

Halafu kuna wale ambao hawaumwi. Mwenye sukari ya miaka mingi, ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibika, anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu yoyote. Anahisi tu pumzi fupi, uchovu usio na sababu, jasho. Wazee ni hivyo hivyo. Wanawake nao, ingawa wengi hubanwa kifua kama wanaume, mara nyingi zaidi huja na uchovu mzito, kutapika, maumivu ya mgongo au ya taya. Mama anayebeba mizigo kutoka Beach, ufuoni mwa ziwa, kwenda soko la Kadutu akisema "siku hizi nachoka kabla ya kufika, napumzika mara nne mahali nilipokuwa napumzika mara moja", asiambiwe anywe vitamini. Ametoa maelezo kamili ya anjina, limekosekana neno maumivu tu.

Nafika kwenye kosa linaloua zaidi. Mshipa wa kulia kwa watu wengi ndio unaolisha ukuta wa chini wa moyo, ule unaolalia kiwambo, karibu kabisa na tumbo. Ukiziba, mgonjwa anaumwa chembe, anatapika, anatoka jasho, mapigo yanapungua, presha inashuka. Kwa mtazamo wa nyumbani hiyo ni gastriti kali, au chakula kibaya, au sumu. Mjini kwetu neno karuho, yaani sumu ya kulishwa, linatajwa haraka: mtu alikula sherehe ya watu jioni, usiku anatapika na kushika kifua, basi amelishwa. Anapelekwa kwa anayetapisha sumu, ananyweshwa dawa, anatapika zaidi, na saa nne zinapita. Simdharau mtu anayeogopa sumu, hofu hiyo ina historia yake. Ninachoomba ni mpangilio: hospitali iwe ya kwanza, elektro ipigwe, na kama moyo uko salama, familia itafute mengine. Elektro inachukua dakika tano. Na hata hospitalini kosa hilo linafanyika kwa sura nyingine, pale mgonjwa wa miaka 55 mwenye tansiyo (shinikizo la juu la damu) anapoandikiwa omeprazoli na dawa ya maji ya tumbo bila mtu kugusa kifua chake. Dawa ya tumbo ikimpa nafuu haithibitishi kitu. Anjina nayo inaondoka yenyewe.

Moyo si chanzo pekee cha kifua kuuma kwa hatari. Maumivu ya ghafla kama kitu kinachanika, yanayokwenda mgongoni, kwa mtu mwenye tansiyo ya juu, yanaweza kuwa mshipa mkuu unapasuka tabaka zake. Pima presha mikono yote miwili, na tofauti ya zaidi ya 20 ikutie shaka. Huyo asipewe aspirini wala dawa ya kuyeyusha damu. Pumzi fupi ya ghafla baada ya kuzaa, baada ya upasuaji, au baada ya kulala kitandani kwa wiki, pamoja na mguu mmoja uliovimba, ni damu iliyoganda na kukimbilia mapafuni. Maumivu yanayozidi ukilala chali na kupungua ukiinamia mbele yanatoka kwenye mfuko unaozunguka moyo, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, mfuko huo mara nyingi umejaa maji ya TB. Kijana wa SS (selimundu) mwenye homa, kikohozi na kifua kinachouma ana dharura yake mwenyewe, na kwake oksijeni, antibiotiki na damu vinaweza kuokoa siku. Mama aliyejifungua juzi, miguu imevimba, hawezi kulala bila mito mitatu, moyo wake umelegea ingawa mishipa yake ni mizima. Wote hawa wanahitaji hospitali, na wote hawa hufa wakiitwa gastriti au malaria.

Tuseme basi baba wa nyumba amekaa, anabanwa kifua, jasho linamtoka, dakika kumi zimepita. Akae ameegemea, miguu imekunjwa kidogo, nguo za kifuani zifunguliwe. Asipande ngazi, asishuke, asiende chooni kwa miguu. Hapa milima yetu inatudai: nyumba nyingi haziwezi kufikiwa na gari, na desturi ni kumsaidia mgonjwa ashuke taratibu mpaka barabarani. Kila hatua inauongezea moyo njaa. Abebwe kwenye kiti na watu wawili wenye nguvu, au kwenye kipoyi, au mgongoni ikibidi. Barabarani, gari ni bora kuliko moto (pikipiki); akipoteza fahamu juu ya moto, motari hawezi kumshika wala kumfufua. Lakini kama gari halipo na halitakuja, moto yenye mtu wa tatu nyuma wa kumkumbatia mgonjwa ni bora kuliko kusubiri nusu saa.

Kabla hajatoka, apewe aspirini, miligramu 300 au karibu na hapo. Kidonge cha 500 kikatwe nusu. Vya 100, vitatu. Vya 75, vinne. Avitafune, asimeze vizima, kwa sababu kikitafunwa kinaanza kazi ndani ya dakika chache, na kile chenye ganda la kulinda tumbo kikimezwa kizima kinachelewa sana. Asipewe aliye na mzio wa aspirini, anayetapika damu au kutoa choo cheusi, au yule wa maumivu ya kuchanika niliyemtaja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1988 kwa wagonjwa 17,187 ulionyesha kwamba aspirini peke yake, miligramu 160 kwa siku, ilipunguza vifo vya wiki tano kwa asilimia 23. Dawa ya kuyeyusha damu peke yake asilimia 25. Zote mbili pamoja asilimia 42. Ni dawa ambayo karibu kila famasi ya Bukavu inayo, na bei yake ni ndogo. Kuikosa nyumbani kwa mwenye tansiyo au sukari hakuna sababu.

Aliyekwisha kuandikiwa trinitrini, dawa ya kutanua mishipa, aiweke chini ya ulimi akiwa amekaa, kwa maana akiwa amesimama anaweza kuanguka. Asiitumie kama namba ya juu ya presha iko chini ya 90, wala kama amekunywa sildenafili (Viagra, dawa ya nguvu za kiume) ndani ya saa 24. Wanaume wanaificha hiyo. Mwulize faraghani, usimwulize mbele ya mke na watoto. Dakika tano zikipita na kifua bado kinabana, hakuna kusubiri zaidi.

Kuna mambo matatu ya kuzuia kwa nguvu. La kwanza, sindano ya diklofenaki kwenye tako. Ni dawa inayopendwa kwa maumivu yoyote, lakini jamii hiyo ya dawa, na ibuprofeni ndani yake, inaongeza hatari ya moyo wenyewe, na lile tundu la sindano linaweza kuvuja damu vibaya mgonjwa akipewa dawa ya kuyeyusha. La pili, nifedipini chini ya ulimi kwa aliyekutwa na presha juu. Inaishusha ghafla, damu ya kulisha moyo inapungua, na anjina inageuka mshtuko kamili. La tatu, chupa ya seramu kwa kila anayeonekana dhaifu. Moyo uliopoteza sehemu ya msuli ukisukumiwa lita moja ya maji, maji yanaishia mapafuni. Ipo hali ambapo maji yanahitajika, lakini ni mgonjwa mmoja kati ya wengi, na elektro ndiyo inayomtambulisha.

Akianguka, hajibu, hapumui au anahema kwa kukoroma kwa kuvutavuta, mlaze chali mahali pagumu. Kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, bonyeza kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Mkiwa wawili, badilishaneni kila dakika mbili, maana anayebonyeza huchoka kabla hajajua.

Kwenye kituo, elektro ipigwe ndani ya dakika 10 za kufika. Hii ni sehemu ninayotaka wauguzi waisome polepole, kwa sababu mashine nzuri yenye nyaya zilizowekwa vibaya inadanganya kuliko kukosa mashine. Kwenye mashine zenye rangi za Ulaya, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Kifuani, usianze kwa kukadiria chini ya chuchu. Tafuta kwa kidole lile tuta la mfupa wa kifua, sentimeta chache chini ya koo. Ubavu unaoungana hapo ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Hesabu kushuka hadi nafasi ya nne: waya wa V1 kulia kwa mfupa, V2 kushoto kwake. V4 iko nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zinafuata usawa ule ule wa V4, moja mbele ya kwapa, nyingine katikati ya kwapa. Kwa mwanamke, inua titi uweke V4 chini yake. Jasho lifutwe, nywele zinyolewe kidogo, jeli isisambae kutoka waya mmoja hadi mwingine. Ukiona D1 (njia ya kwanza kwenye karatasi ya elektro) imegeuka chini yote, kuanzia wimbi la kwanza, shuku kwanza kwamba umebadilisha nyaya za mikono. Karatasi iende kwa milimita 25 kwa sekunde, na milimita 10 iwe milivolti 1. Andika jina, tarehe, saa, na kama mgonjwa alikuwa anaumwa wakati huo au la. Bila saa, nusu ya thamani ya elektro imepotea.

Mstari unaofuata baada ya wimbi kubwa ukipanda kwa milimita 1 au zaidi kwenye njia mbili jirani, mshipa umeziba. Kwenye V2 na V3 kipimo ni kikubwa zaidi: milimita 2 kwa mwanamume aliyefika miaka 40, 2.5 kwa aliye chini ya hapo, 1.5 kwa mwanamke. Ikiwa ni D2, D3 na aVF, njia zinazotazama ukuta wa chini wa moyo, hamisha waya wa V4 upande wa kulia wa kifua upige tena. Mstari ukipanda hapo, chumba cha moyo cha upande wa kulia kimeguswa. Huyo ndiye mgonjwa anayehitaji maji, na ndiye ambaye trinitrini inaweza kumwangusha.

Kuna mitego miwili ambayo hapa kwetu inakutwa kila mara. Vijana wengi wa kiume Waafrika wazima wana mstari uliopanda kifuani kwa asili. Moyo wao hauna tatizo. Na mwenye tansiyo ya miaka mingi ukuta wa moyo wake umenenepa, nao unapindisha mistari kwa namna inayofanana na ugonjwa wa mishipa. Katika hali zote mbili anayeokoa ni elektro ya zamani. Karatasi hizi zinafifia kwa joto na mwanga, baada ya miaka michache unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, na mgonjwa aitunze kwenye simu yake na ya mtoto wake.

Elektro nzuri haimwachilii mtu anayeendelea kubanwa. Irudiwe kila dakika 15 hadi 30. Troponini nayo, ile protini inayovuja kutoka kwenye msuli unaokufa, huanza kuonekana saa 3 hadi 4 baada ya mshipa kuziba, na kipimo cha kijistari, ambacho ndicho kinachopatikana kwa urahisi, huchelewa kuiona. Mgonjwa aliyeanza kuumwa saa moja iliyopita akipimwa na kuambiwa "negatifu, nenda nyumbani", ameambiwa uongo bila mtu kukusudia. Irudiwe baada ya saa 6. Na kama elektro imeshasema mshipa umeziba, hakuna kusubiri troponini hata dakika moja.

Tiba bora ni kufungua mshipa kwa mrija wenye puto, lakini inashinda dawa pale tu inapowezekana ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Kutoka hapa, hata ukivuka mpaka wa Rwanda kwenye mto Ruzizi bila kusimamishwa, barabara hadi Kigali inakula saa tano au sita. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa Bukavu aliye ndani ya saa 12, dawa ya kuyeyusha ndiyo tegemeo, na faida yake kubwa iko ndani ya saa 3 za kwanza. Streptokinasi hutolewa uniti milioni 1.5 ndani ya mshipa kwa dakika 30 hadi 60. Presha ikishuka, punguza kasi. Aliyewahi kuipata hapewi tena. Tenekteplasi, nyingine ya kuyeyusha, ni sindano moja kwa kufuata uzito. Pamoja nayo kuna aspirini, klopidogreli miligramu 300 kwa walio chini ya miaka 75, na enoksaparini, zote za kuzuia damu isigande upya. Kabla ya kuanza, uliza: je, aliwahi kuvuja damu ubongoni? Alipooza ndani ya miezi sita? Alipasuliwa au kuumia kichwa, au kutokwa damu tumboni, mwezi huu? Presha iko juu ya 180 kwa 110? Kila "ndiyo" inasimamisha sindano mpaka daktari apime upya, na presha ya juu ishushwe kwanza. Dakika 60 hadi 90 baadaye piga elektro nyingine. Mstari ukiwa umeshuka nusu au zaidi na maumivu yamepungua, mshipa umefunguka. Oksijeni si ya kila mtu, ni ya yule ambaye kipimo cha kidoleni kinasoma chini ya 90. Na alazwe karibu na mashine ya kushtua moyo kwa siku mbili za kwanza, maana ndipo mapigo huvurugika na kuua.

Familia iandae hospitalini majibu manne bila kuulizwa: maumivu yalianza saa ngapi kwa saa ya ukutani, dawa gani anakunywa, dawa gani alipewa nyumbani leo, na kama ana mzio. Saa ya kuanza ndiyo inayoamua kama dawa ya kuyeyusha itatolewa. "Tangu usiku" haitoshi.

Akitoka hai, kazi ndefu inaanza. Aspirini miligramu 75 hadi 100 kila siku, maisha yote. Klopidogreli 75 kwa mwaka mmoja ikiwezekana. Atorvastatini 40 hadi 80, hata kama kolesteroli yake ilisomwa kawaida, kwa sababu inaimarisha ile ngozi ya tuta. Bisoprololi au ndugu yake ya kupunguza mbio za moyo. Hiyo isikatwe ghafla dawa ikiisha, anjina hurudi kwa hasira, kwa hiyo nunua upya zikiwa zimebaki za wiki moja. Mwenye pumu aseme kabla ya kuianza. Enalaprili au lisinoprili kwa moyo uliodhoofika. Akikohoa kikavu au midomo ikivimba, ni dawa hiyo, na midomo ikivimba aende hospitali siku hiyo hiyo.

Vinavyojenga tuta vinajulikana: tumbaku, tansiyo, sukari, kolesteroli, mwili mzito kiunoni, kukaa bila mazoezi, na virusi vya UKIMWI pia, hata mtu akiwa kwenye dawa. Anayeacha sigara leo, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ziada imepungua karibu nusu. Hakuna kidonge kinachofikia hapo. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, na vile vidonge vya mchuzi vinavyomiminwa kwenye sombe vihesabiwe humo, maana karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Mawese yana ladha yetu, lakini karibu nusu yake ni mafuta magumu. Yapunguzwe kwenye sufuria, yasirudiwe kukaangia. Sambaza za ziwani ni chakula kizuri cha moyo zikichemshwa au kuchomwa. Na mbabula (jiko la makala, yaani makaa) isiwekwe chumba cha kulala usiku wa baridi: moshi usioonekana wa makala unachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mwenye mishipa nyembamba anabanwa kifua akiwa amelala.

Mtu akipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 kwa mwanamume au 65 kwa mwanamke, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja waliofika utu uzima wapimwe tansiyo, sukari na kolesteroli mwezi huo huo. Presha ipimwe mtu akiwa amekaa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, mara mbili, na mkanda unaotosha mkono wake; mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaongeza namba, na mtu anaanzishiwa dawa asiyoihitaji.